Goti halijaisha mafuta: jinsi ya kujaribu kapsuli za parachichi na soya bila kujidanganya

Bi mkubwa wangu akitaka kukaa anatafuta kwanza pa kushika, mkono mmoja ukingo wa meza mwingine juu ya paja, anashuka pole pole hadi robo tatu ya njia alafu hapo anajiachia tu, pwaa. Akinyanyuka ndo utayasikia magoti, kwaru kwaru, kama mtu anatembea kwenye changarawe. Na kila nikimuuliza jibu lake ni moja, "mwanangu haya magoti yameisha mafuta."

Kwa vile yameisha mafuta basi mi nikaenda kutafuta mafuta. Nilisikia kuna dawa ya magoti inatokana na mafuta ya parachichi, nikaingia duka nikauliza mafuta ya parachichi, nikapewa chupa, nikarudi nayo kifua mbele. Mwezi mzima bi mkubwa anakunywa kijiko cha chakula kila asubuhi na kilichobadilika ni mizani tu, maana kijiko kimoja cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, na goti bovu ukiliongezea kilo unaliongezea msiba. Kosa langu, sikusoma. Ndo maana naandika hii, hatua kwa hatua, ili wewe usipite njia ile ile.

HATUA YA KWANZA: jua unachonunua ni nini hasa

Wale wanaojua kupika sabuni wataelewa haraka. Ukichukua mafuta ya mimea ukayachanganya na magadi makali yale ya kutengenezea sabuni, karibu yote yanageuka sabuni. Lakini kuna kisehemu kidogo sana, asilimia 1 au 2 hivi, kinagoma, hakigeuki. Hicho kilichogoma ndo dawa yenyewe. Kinatolewa kwenye mafuta ya parachichi na mafuta ya soya, vinachanganywa fungu moja la parachichi kwa mafungu mawili ya soya, na kwenye lebo utakuta wamekifupisha ASU. Ndani yake kuna vitu vinaitwa fitosteroli, ni kama ndugu wa kolesteroli ila wa kwenye mimea.

Kwa hiyo mafuta ya kupikia siyo, mafuta ya nywele siyo, na hata kula parachichi lenyewe siyo (kula tu, ni chakula kizuri, ila usihesabu kama dawa). Ukisema utafidia kwa kunywa mafuta, hata ukinywa kila siku bado mchanganyiko usingekuwa wenyewe.

Na hili la magoti kuisha mafuta naomba tuliweke sawa. Mwisho wa mfupa kuna gegedu, ule utando mgumu wenye kuteleza, na ndani ya kiungo kuna ute. Kwenye ugonjwa huu wa kusagika, ambao madaktari wanauita osteoathraitisi, gegedu linachakaa, mfupa wa chini yake unabadilika, kiungo kinavimba kidogo kidogo na misuli ya paja inalegea. Siyo bawaba ya mlango kwamba umeimwagia oili ikanyamaza. Unachomeza kinaenda tumboni, hakuna bomba la kutoka tumboni mpaka gotini. Kinachodhaniwa ni kwamba hizi fitosteroli na wenzake zinapunguza kemikali za uvimbe na vimeng'enya vinavyotafuna gegedu, hii imeonekana vizuri kwenye seli za gegedu zilizooteshwa maabara. Kwa binadamu anayepanda ngazi mambo ni madogo zaidi, nakuja huko.

HATUA YA PILI: hakikisha goti lako ni la aina hiyo

Kusagika kunakujaga taratibu, miaka. Maumivu yanazidi ukitumia goti na kupungua ukipumzika, asubuhi linakakamaa ila halizidi nusu saa linaachia, linalia, na mara nyingi mtu ana umri kuanzia arobaini na kitu kwenda juu au aliwahi kuumia goti hilo zamani. Kama ndo hivyo uko kwenye mada.

Lakini kama goti limekuwa jekundu, lina moto, limevimba ghafla na mwili una homa, ACHA kusoma nenda hospitali leo leo, hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo na hayasubiri kapsuli. Vivyo hivyo ukianguka ukashindwa kukanyaga, au goti linajifunga halinyooki, au shavu la mguu (ile nyama ya nyuma chini ya goti) limevimba na linauma upande mmoja. Na kama asubuhi unakakamaa saa nzima na zaidi, vidole vya mikono vimevimba pande zote mbili, hiyo inaelekea kuwa baridi yabisi, ugonjwa mwingine kabisa wenye dawa zake, ukichelewa viungo vinaharibika.

HATUA YA TATU: punguza matarajio kabla hujatoa hela

Hapa wauzaji hawanipendi. Dawa hii ilianzia Ufaransa na majaribio mengi ya mwanzo ni ya huko. Lipo la mwaka 1998, watu 164 wenye magoti au nyonga zilizosagika, nusu wakapewa yenyewe nusu wakapewa kidonge tupu kisicho na dawa ndani, miezi 6. Tofauti ilianza kuonekana kwenye mwezi wa pili, na walipoacha nafuu ilikuwa bado inaonekana kwenye miezi miwili mingine waliyofuatiliwa. Vizuri. Ila mwaka 2014 watu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa pamoja, walikuta kwamba kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 100, wanaotumia wanapata nafuu ya pointi 8 hivi zaidi ya wale wa kidonge tupu. Nane kwa mia! Ukiigeuza kuwa kipimo cha 0 mpaka 10 haifiki hata pointi moja.

Huo ni wastani lakini, na wastani unaficha watu. Kuna ambao hawakupata chochote na kuna ambao walipata nafuu ya maana, na hakuna anayeweza kukwambia leo wewe utaangukia wapi. Kwenye kulinda gegedu lisiendelee kuisha ndo usijipe moyo kabisa, lilifanyika jaribio la miaka 3 kwenye nyonga, matokeo yakatoka 2014 hiyo hiyo, wastani wa nafasi kati ya mifupa ya kiungo kwenye eksirei, ile inayobana gegedu likiisha, ulipungua sawa tu kwa makundi yote mawili, japo waliozorota sana walikuwa pungufu kidogo upande wa wanaotumia. Na hapo Ufaransa kwenyewe bima ya taifa iliacha kuilipia mwaka 2015. Haijapigwa marufuku, watu wanainunua, ila waliona faida yake haitoshi kulipiwa na serikali.

Sasa kwanini uijaribu? Kwa sababu wengi wenye magoti haya wanaishi na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, na hivyo vikimezwa kila siku miaka na miaka vinaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo, kupandisha presha. Majaribio kadhaa yalionyesha wanaotumia ASU walipunguza idadi ya hivyo vidonge. Kwangu mimi hiyo ndo hoja yenye nguvu kuliko zote, kuliko hata hizo pointi nane.

HATUA YA NNE: jikague wewe

Una aleji ya soya? Basi mada imeishia hapa. Aleji ya parachichi? Hapa pia. Wenye aleji ya mpira, ile ya glovu na maputo, nao wawe makini kwa sababu miili yao mara nyingi inachanganya mpira na parachichi, ndizi na matunda mengine. Mjamzito na anayenyonyesha waache, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Mwenye ugonjwa wa ini aongee na daktari kwanza, zipo taarifa chache za ini kusumbuliwa. Na anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze kitu chochote kimya kimya, hata hiki, amwambie daktari ili apimwe damu.

Usione aibu kumwonyesha daktari chupa. Bi mkubwa alikuwa anaficha, anasema dokta atanigombeza. Tulipoiweka mezani dokta aliisoma lebo, akauliza dawa nyingine anazomeza, akasema jaribuni, mkiona macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai kali mnaacha mnakuja. Dakika mbili tu.

HATUA YA TANO: soma lebo kama unasoma mkataba

Tafuta namba 300 mg. Hicho ndo kiwango kilichotumika kwenye majaribio, mara moja kwa siku. Na hiyo 300 iwe ni ya ASU yenyewe, siyo 300 mg ya "mchanganyiko maalumu" ambao ndani wametupia manjano, glukosamini, kondroitini na vingine saba bila kusema kila kimoja kiasi gani, hapo huwezi jua unapata nini. Wala usidhani kumeza mbili kutaharakisha, walishapima 300 na 600 kwa pamoja hakukuwa na tofauti, hizo za ziada unalisha choo.

Angalia tarehe ya kuisha muda, jina la kiwanda, namba ya bechi. Kuna chupa zingine mbele zina picha ya mtu anaruka viunzi na nyuma hazina hata anwani.

Na sasa sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Ukimeza "dawa ya asili ya magoti" yoyote leo, keshokutwa maumivu yamekata kabisa unaruka ruka, usishangilie. OGOPA. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya magoti vilivyouzwa kama vya mimea kwa jina la Artri King, walivipima maabara wakakuta ndani kuna diklofenaki na deksamethazoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Deksamethazoni ni steroidi kali, dawa ya kuzima uvimbe ambayo inatakiwa itolewe na daktari. Mtu anaimeza miezi bila kujua, sukari inapanda, uso unavimba, na siku akiacha ghafla mwili unaweza kuporomoka kwa sababu tezi zake zimezoea kutofanya kazi. Kama umeshatumia kitu cha namna hiyo kwa muda mrefu usikikate mwenyewe, nenda nacho kwa daktari akupangie kushuka taratibu. ASU ya kweli iko polepole mno, uvivu wake ndo kitambulisho chake.

HATUA YA SITA: andika kabla hujameza ya kwanza

Watu wanairuka hii alafu baada ya miezi mitatu ukimuuliza imesaidia anakwambia "eeh nahisi kama kidogo." Kuhisi kama kidogo siyo jibu. Maumivu ya goti yana mawimbi, wiki mbaya wiki nzuri, na mtu anaanzaga dawa kwenye wiki mbaya kabisa, kwa hiyo hata angemeza unga wa muhogo wiki inayofuata angeona nafuu.

Chukua daftari. Chagua KITU KIMOJA ambacho goti linakunyima, kimoja tu, kupanda ngazi, kuinuka chooni, kutoka kitandani, kusimama foleni. Bi mkubwa alichagua kuinuka kwenye kile kiti chake cha plastiki bila kushika kitu. Kila jioni muda ule ule unajipa namba, 0 hakuna maumivu kabisa, 10 ni yale ya kukufanya ulie. Pembeni yake andika umemeza vidonge vingapi vya maumivu siku hiyo. Basi. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya kapsuli ya kwanza. Daftari la bi mkubwa wiki hizo mbili lilikuwa na sita nyingi, saba tatu, na jumapili moja ameandika 9 na chini yake kwa mwandiko wa kutetemeka "harusi".

HATUA YA SABA: kumeza

Kapsuli moja ya 300 mg kwa siku, katikati ya mlo, na glasi nzima ya maji. Siyo tumbo tupu, maana inacheulisha na ile cheuo yake ina ladha ya mafuta, haipendezi. Shika mlo mmoja usibadilishe badilishe. Ukisahau leo usimeze mbili kesho, endelea tu.

Madhara mengi ni ya tumbo, kiungulia, kuharisha kidogo, kichefuchefu. Yakizidi siku chache au ukitoka vipele, uso ukivimba, ukashindwa kupumua vizuri, macho yakawa njano, unaacha na unaenda kuonekana.

Vidonge vya maumivu usivitupe siku ya kwanza kwa ushujaa. Wiki nane za mwanzo kapsuli haijaanza kazi ya maana, ukivikata vyote utateseka alafu utalaumu kapsuli. Kama unatumia parasetamoli kumbuka mtu mzima hapaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, na wengine daktari anawapa kikomo cha chini ya hapo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka kwa goti ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, inafika pale inapohitajika na damuni inaingia kidogo tu.

HATUA YA NANE: wiki hizo za kusubiri, kaza paja

Niwe mkweli, kama ungeniambia chagua kimoja kati ya kapsuli na mazoezi ningekupokonya kapsuli. Msuli wa mbele ya paja ndo mshika goti, ukiwa dhaifu kila hatua mfupa unapokea mshindo wote. Na watu wenye goti bovu wanaacha kutembea, paja linanyauka, goti linazidi, wanaacha zaidi.

Kaa kwenye kiti imara, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka unyooke kabisa, vidole vya mguu vielekee kwako, uone paja limekakamaa, hesabu tano polepole, shusha polepole, mara kumi, badilisha mguu. Ukizoea, simama na kukaa kwenye kiti bila mikono, mara tano, kesho kutwa sita. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, ila kama kesho yake goti limevimba au linauma zaidi ya jana, ulizidisha, punguza idadi usiache. Bi mkubwa mwanzoni alikuwa anashusha mguu kama anautupa, ikabidi nikae mbele yake niweke kiganja changu chini ya kisigino namwambia mama usiniangukie mkono, ndo akajua kushusha taratibu maana yake nini.

Uzito nao, kila kilo moja unayopunguza inaondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, hesabu hatua zako za siku moja uone. Fimbo ishike mkono wa upande wa pili wa goti bovu, siyo upande ule ule kama kwenye filamu. Ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, yaani usiouma, kushuka tanguliza mbovu.

Sasa tatizo lipo, na nilishaliona, ukianza kapsuli na mazoezi siku moja hutajua kipi kimekusaidia. Kama una subira anza mazoezi mwezi mmoja peke yake, acha namba zitulie, ndo uingize kapsuli. Kama huna subira anza vyote ila kipimo chako kitakuwa hatua inayofuata.

HATUA YA TISA: siku ya hukumu

Miezi mitatu kamili. Fungua daftari, piga wastani wa wiki mbili za mwanzo na wastani wa wiki mbili za mwisho. Binafsi naona kama hujashuka angalau pointi mbili, na vidonge vya maumivu havijapungua, acha, usiongeze chupa "tuone hii moja tena," hiyo tena haina mwisho. Kuacha ghafla hakuna shida, haina uteja.

Kama umeshuka, bado usiandike mkataba wa maisha. Simamisha kapsuli, endelea na kila kitu kingine vile vile, endelea kuandika. Hapa uvumilivu tena, ile nafuu inaweza kubaki kama miezi miwili baada ya kuacha, kwa hiyo ukiacha wiki mbili ukaona uko sawa hujathibitisha chochote. Subiri mpaka mwezi wa tatu. Namba zikirudi juu, basi wewe huenda ni mmoja wa wale inaowasaidia, rudia. Zikibaki chini, kazi ilifanywa na paja.

Daftari la bi mkubwa lilianza na wastani wa 6, baada ya miezi mitatu likasoma 4, vidonge vya maumivu kutoka vitatu kwa siku mpaka kimoja na siku zingine hakuna. Tukasimamisha. Mwezi wa kwanza 4, wa pili 4, wa tatu 4 na nusu. Nikamuuliza mama turudishe? Akaangalia namba, akaangalia kiti, akanyanyuka bila kushika meza kwenda kuzima jiko, magoti bado yanalia kwaru kwaru vile vile, akasema hiyo hela ninunulie viatu vyenye soli nene.